Ukikuta sushi Ngamiani: mwongozo wa anayeila mara ya kwanza

Ukikuta neno "sushi" limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mgahawa wa Ngamiani, hapa Tanga, chini ya supu, chapati na maharage, usidhani ni mzaha. Wapo wapishi waliofanya kazi kwenye hoteli za Zanzibar na Dar es Salaam wakarudi nyumbani na ujuzi wao. Mmoja akipewa kona ya jiko na mwenye mgahawa kila Jumamosi jioni, mnapata sushi mahali ambapo asubuhi palikuwa na foleni ya supu ya kongoro.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu wa Tanga anayetamani kuonja lakini anaogopa samaki asiyepikwa. Woga huo una msingi, wala sitakwambia uutupe. Ninachotaka ujue ni kipi hasa cha kuogopa na kipi cha kuacha kuogopa. Msimamo wangu ni huu: mara ya kwanza, kwenye mgahawa mdogo, kula sushi ya vitu vilivyopikwa, na uipime kwa wali wake. Samaki asiyepikwa asubiri mpaka ujue barafu na friza la hapo vikoje.

Kwanza: jua unachokwenda kula

Sushi, chakula cha Kijapani, ni wali. Wali mweupe wa punje fupi, uliotiwa siki ya mchele, sukari na chumvi ukiwa bado wa moto, kisha ukapepewa mpaka ukabaki na uvuguvugu. Kinachowekwa juu yake au ndani yake kinaweza kuwa samaki, yai, tango, parachichi, kamba au pweza. Vipande vya samaki asiyepikwa vinavyoletwa bila wali vinaitwa sashimi, na hicho ni chakula kingine. Ukilijua hili tu, nusu ya hofu imekwisha, kwa sababu unaweza kula sushi maisha yako yote bila kugusa samaki mbichi.

Wapo watakaokwambia kuwa sushi ya kamba aliyechemshwa si sushi ya kweli. Usiwasikilize. Mwanzoni kabisa sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki. Samaki alitiwa chumvi, akafukiwa ndani ya wali uliopikwa, akaachwa kwa miezi mpaka wali ukachacha, kisha akaliwa na wali ukatupwa. Sisi tulitumia chumvi na jua tukapata ng'onda. Wenye sushi walitumia chumvi na wali. Kandokando ya Ziwa Biwa, Japani, bado wanaitengeneza hivyo na kuiita funazushi. Ile ya kufinyangwa kwa mkono, inayoitwa nigiri, ilienea miaka ya 1820 katika mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, na mpishi anayetajwa sana ni Hanaya Yohei. Iliuzwa kwenye vibanda vya barabarani. Mteja alisimama, akala kwa mkono, akaenda zake. Majokofu hayakuwepo, kwa hiyo samaki wengi walitiwa siki, wakalowekwa kwenye sosi ya soya au wakachemshwa. Mgahawa mdogo wa Ngamiani wenye pweza aliyechemshwa uko karibu na kibanda cha Edo kuliko hoteli nyingi za kifahari.

Majina matatu yanakutosha kwa kuanzia. Nigiri ni tonge dogo la wali lenye kipande cha kitoweo juu. Maki ni wali uliozungushiwa karatasi ya mwani kisha ukakatwa, mara nyingi vipande 6 au 8. Temaki ni mwani uliokunjwa kama pembe na kujazwa, unaushika mkononi na kuung'ata.

Hiyo karatasi nyeusi inaitwa nori. Ni mwani uliosagwa, ukatandazwa na kukaushwa. Watu wa vijiji vya pwani ya mkoa wetu wanaolima mwani watauliza kama ni uleule wao. Si uleule. Cottonii na spinosum wanaolima huku husafirishwa nje kwenda kutolewa karajinani, ile inayofanya vyakula na dawa za meno viwe vizito. Nori hutoka kwenye mwani wa aina nyingine unaomea kwenye bahari za baridi, ingawa zote ziko kwenye kundi la mwani mwekundu.

Pili: pita siku moja kabla, uulize

Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Usiende kwa mara ya kwanza ukiwa na njaa na wageni. Pita Ijumaa jioni, agiza chai, salimiana na watu, halafu uzungumze na mpishi. Mpishi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kuchagua samaki. Ukisimama kwenye soko la Deep Sea wakati wa mnada unajua jicho linalong'aa, matamvua mekundu, mwili unaorudi ukibonyezwa kwa kidole. Unamjua pia samaki aliyevuliwa kwa baruti: nyama imelegea, uti umevunjika, damu imevia ndani. Samaki huyo huharibika haraka na hafai sushi hata akipikwa. Kwa hiyo tumia macho yako yaleyale.

Lakini kuna jambo moja ambalo macho hayo hayawezi kuliona, na hapa nakuomba usome taratibu. Samaki aliyevuliwa alfajiri ya leo, mwenye jicho la kung'aa, bado anaweza kuwa na minyoo midogo ndani ya nyama. Mmoja wao anaitwa Anisakis. Ukimpika samaki, mnyoo anakufa na hakuna shida. Ukimla bila kumpika, mnyoo anaweza kujishika kwenye ukuta wa tumbo na kukuletea maumivu makali na kutapika ndani ya saa chache. Siki haimuui. Limau haimuui. Wasabi haimuui. Kinachomuua ni moto au baridi kali ya muda mrefu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaelekeza samaki wa kuliwa bila kupikwa agandishwe kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, au baridi zaidi, kwa siku 7. Au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15.

Sasa fikiria friza la kawaida la mgahawa. Hutengenezwa kufika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, linafunguliwa kila mara kutoa soda na barafu, na umeme ukikatika mchana linapoteza baridi. Ndiyo maana sifa ya "samaki wetu ni wa leo leo" inatosha kabisa kwa samaki wa kupaka, lakini haitoshi kwa samaki wa kuliwa hivihivi. Uliza kwa adabu: "Kaka, samaki mnayemtoa bila kupikwa mmemgandisha kwa nyuzi ngapi, na kwa siku ngapi? Umeme ukikatika mnafanyaje?" Akikuonyesha kipimajoto na jenereta, huyo ni mtu makini. Akikwambia samaki ametoka baharini sasa hivi kwa hiyo hana haja ya kugandishwa, mshukuru na uagize kamba.

Jodari ana habari yake peke yake. FDA imewatoa baadhi ya jodari wakubwa, akiwemo yule mwenye mapezi ya njano, kwenye sharti la kugandishwa, kwa sababu ni nadra kukutwa na minyoo hiyo. Adui wa jodari ni jua. Akilala kwenye chombo bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na ikishatengenezwa haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Vibua na nguru wana tabia hiyo pia. Kwa hiyo swali la jodari ni tofauti: "Huyu aliwekwa kwenye barafu tangu chomboni, au tangu alipofika sokoni?" Deli la barafu lililokwenda baharini na wavuvi ni jambo kubwa kuliko jina lolote la kijapani kwenye ubao.

Samaki wa maji baridi, yaani sato, sangara na kambale, usimle bila kupikwa popote pale. Hilo halina mjadala.

Ukiwa hapohapo, tupia jicho jikoni. Kuna ubao wa kukatia samaki na mwingine wa mboga? Kisu kinaoshwa? Kijamvi cha mianzi cha kuzungushia kimefunikwa nailoni safi, au kimelowa na kina harufu? Mpishi ananawa mikono kabla ya kushika wali? Hayo unayaona kwa dakika moja.

Tatu: ulizia uhalali kabla ya kuagiza

Wengi wetu hapa ni Waislamu, na sushi ina mambo yaliyojificha. Mirin ni kiungo kitamu cha majimaji kinachotengenezwa kwa mchele, chenye kilevi, na wapishi wengine hukitia kwenye wali au kwenye sosi. Sake, pombe ya mchele, pia hutumika, hasa kwenye sosi nzito ya kahawia inayopakwa juu. Uliza moja kwa moja: "Wali mmetia siki na sukari tu, au kuna mirin?" Wali wa siki, sukari na chumvi unakamilika bila mirin, kwa hiyo mpishi hapotezi kitu akiiacha. Sosi ya soya iliyochachushwa kiasili huwa na chembe ya kilevi kinachotokana na uchachu wenyewe. Mwenye kutaka kujiepusha nayo atafute chupa yenye nembo ya halali.

Kuna vijiti vyeupe vyenye rangi nyekundu pembeni vinavyoitwa vijiti vya kaa. Ndani yake mara nyingi hakuna kaa. Ni nyama ya samaki mweupe iliyosagwa, ikachanganywa na wanga na ute wa yai. Baadhi hutiwa mvinyo wa kupikia, kwa hiyo omba usome pakiti. Na kama wewe ni katika wale wasiokula kaa, sema mapema, kwa sababu kuna maki iliyozaliwa Amerika Kaskazini, ya parachichi na kaa, ambayo imeenea kila mahali na huenda ikaletwa bila kutajwa viungo.

Nne: chagua siku na saa

Nenda jioni mpishi anapoanza tu. Wali wa sushi ni mzuri ukiwa na uvuguvugu, saa chache baada ya kupikwa. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, samaki huadimika na wa barafu hukaa zaidi, basi uliza amefika lini. Epuka kwenda mchana wa jua kali kula kitu kilichopangwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi.

Tano: agiza hivi

Nendeni wawili au watatu mshirikiane sahani, maana kila aina huja kwa vipande vichache na shibe ya sushi huja polepole. Uliza bei ni ya sahani au ya kipande, na sahani ina vipande vingapi, kabla hamjaagiza.

Anza na maki ya tango. Inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo mtihani wa mpishi: hakuna samaki wa kumfichia wala sosi ya kumsaidia, kuna wali, mwani na tango tu. Ikikupendeza hiyo, jiko linafanya kazi. Fuatisha maki ya parachichi, na tuna bahati kwamba Lushoto haiko mbali. Parachichi liwe limeiva sawasawa, si la kung'ang'ana na meno.

Kisha agiza nigiri ya yai. Ni yai lililokaangwa tabaka juu ya tabaka, lenye utamu kidogo, na watoto hulipenda. Halafu nigiri ya kamba, ambaye kwa desturi huchemshwa, akapasuliwa na kulazwa juu ya wali. Kamba akiwa mzuri utamkuta ana utamu wake, hana ule ugumu wa mpira unaotokana na kuchemshwa kupita kiasi.

Mwisho, pweza. Hapa ndipo ninapotaka ufike. Pweza wa sushi huchemshwa, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mshazari. Sisi tumekula pweza tangu utotoni, kwenye sufuria la jioni pembeni ya barabara, pamoja na supu yake na pilipili. Ukimkuta juu ya wali wa siki, hana nazi wala ndimu, utamwonja pweza mwenyewe kwa namna ambayo hujawahi kumwonja. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kinachofaa kuitwa sushi ya Tanga, na ningependa wapishi wetu wakitilie maanani kuliko kuhangaika na salmoni wa kuagizwa kutoka nje. Salmoni mwenyewe aliingia kwenye sushi ya Kijapani miaka ya 1980, kwa juhudi za wafanyabiashara wa Norwei waliokuwa na samaki wengi wa kufugwa wa kuuza. Hana ukongwe wa kumfanya pweza aone haya.

Sita: kula

Nawa mikono, tumia mikono. Nigiri huliwa kwa mkono tangu zamani, na hakuna atakayekucheka ila asiyejua. Ukitaka vijiti, vitumie, ila usivisimike wima kwenye wali. Kwa Wajapani hiyo ni alama ya msiba.

Mimina sosi ya soya kidogo sana kwenye kibakuli. Ina chumvi nyingi. Igeuze nigiri ili kitoweo ndicho kiguse sosi, wali usiguse. Wali ukichovywa hunyonya chumvi yote na kumeguka. Tia kipande chote mdomoni kwa mara moja, tafuna taratibu. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, mwambie mpishi afinyange kidogo zaidi kinachofuata. Ni ombi la kawaida.

Ile rangi ya kijani pembeni ni wasabi. Ukali wake hauko kama wa pilipili mbuzi. Hauchomi ulimi ukakaa. Unapanda puani ghafla, macho yanatoka machozi, kisha unaisha. Anza na kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ikikuzidi, funga mdomo na uvute pumzi taratibu kwa pua mpaka ipite. Inayouzwa sehemu nyingi duniani si mzizi wa wasabi wenyewe bali ni mzizi mwingine mkali wa jamii ya kabichi, uliochanganywa na haradali na rangi. Hilo si kosa la mpishi wa Ngamiani.

Tangawizi ya siki iliyokatwa nyembamba haiwekwi juu ya sushi. Inaliwa kati ya kipande na kipande ili mdomo usafike.

Maki ikifika mezani, usiiache upige picha na kuzungumza. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mwani unaokatika vizuri huwa mgumu kutafunika baada ya dakika chache. Temaki ndiyo haingoji kabisa.

Saba: ipime

Sahau wali wa kuchambuka. Hapa punje zinatakiwa zishikane bila kuwa bokoboko: ukilishika tonge lisianguke, ukilitia mdomoni lifumuke. Wali ukiwa mgumu na wa baridi, umetoka kwenye friji. Ukinuka manukato kama wa Kyela, mpishi ametumia mchele wa pilau. Utashiba, lakini utapambana na ladha ya kitoweo. Siki isikukunje uso. Mwani usinuke shombo. Kamba, pweza na samaki wote wanatakiwa wanuke bahari kwa mbali tu. Kikinuka vingine, kiache, na usione aibu kumwita mpishi umwambie kwa upole.

Nane: ukitaka samaki asiyepikwa

Ukishakwenda mara chache, ukaridhika na majibu ya friza na barafu, unaweza kuagiza nigiri ya jodari. Agiza kipande kimoja au viwili. Nyama iwe imekaza, inang'aa, ya baridi, isiwe na maji yanayochuruzika. Ukihisi mdomo unawasha kama umemwagiwa pilipili, tema, usimalize.

Wajawazito, watoto wadogo, wazee waliodhoofika na wenye maradhi yanayopunguza kinga wasile samaki asiyepikwa hata jiko likiwa safi namna gani. Kugandisha huua minyoo. Bakteria wengi hulala tu humo wakisubiri joto. Kwa watu hawa kuna tango, yai, kamba na pweza, na wala hawajapungukiwa.

Uso ukipata wekundu, mwili ukiwasha, kichwa kikigonga na moyo kwenda mbio ndani ya saa moja au mbili baada ya kula, huenda ni ile histamini. Tumbo likikata vibaya na kutapika kusikoisha ni habari nyingine. Vyovyote viwavyo, nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na umwambie daktari waziwazi kwamba umekula samaki fulani bila kupikwa, saa fulani. Neno hilo humwokolea muda mwingi.

Ukitaka kuwapelekea wa nyumbani

Watakuuliza ulikwenda kula nini, na utatamani kuwabebea. Beba ya tango, parachichi na yai peke yake. Samaki asisafiri kwenye bodaboda ndani ya mfuko. Mwombe mpishi akufungie maki bila kuikata, na mwani akuwekee pembeni kama anaweza, mzungushe wenyewe mkifika. Zile jioni hiyohiyo. Zikibaki usiziweke friji kwa ajili ya chai ya asubuhi; wali utakuwa mgumu kama changarawe, na Jumamosi nyingine haiko mbali.